D.O. Misiani: Kijana wa Shirati aliyelifundisha gitaa kusema kama nyatiti

HUENDA umewahi kumsikia bila kujua ni nani. Uko kwenye matatu jioni, dereva ni mtu wa makamo, habari za redio zimeisha, halafu ghafla gitaa linaingia. Ni jembamba, la haraka, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Chini yake besi inarukaruka. Sauti mbili tatu za wanaume zinaimba Kijaluo kwa pamoja, na abiria mmoja wa nyuma anaanza kutikisa kichwa taratibu. Wewe unaziba masikio na muziki wako wa simu.

Leo usizibe, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba sauti hiyo ni ya Daniel Owino Misiani, yule ambaye mashabiki walimwita D.O., na wengine wakampa jina la Mfalme wa Historia. Alifariki Mei 17, 2006. Kama uko na miaka ishirini hivi, basi alipoondoka ulikuwa bado unabebwa mgongoni ama hujazaliwa kabisa. Hukumwona jukwaani, na pengine hakuna aliyekusimulia habari zake. Lakini kila unaposikia mtu akisema benga ndiyo muziki wa Kenya, ujue sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mtu ambaye hakuzaliwa Kenya.

Mstari uliochorwa na wageni

Hebu fungua ramani kwenye simu yako. Anzia mjini Homa Bay uelekee Mbita. Upande wako wa kushoto kuna bonde la Lambwe, lile lenye Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambapo korongo wa mwisho wa Kenya bado wanaishi porini. Zamani watu waliliogopa bonde hilo kwa sababu ya mbung'o waliowaua ng'ombe na kuwapa binadamu ugonjwa wa malale. Ukivuka Lambwe na milima ya Gwassi kuelekea kusini, unashuka hadi Karungu na Sori katika kaunti ya Migori, kisha Muhuru Bay, na baada ya hapo unafika mpakani. Ukivuka, uko Tanzania, na mji wa Shirati hauko mbali.

Sasa angalia mpaka wenyewe. Unaanza ziwani na kwenda ukiwa umenyooka kama rula, unapinda kidogo tu pale Kilimanjaro, halafu unaendelea hadi baharini. Mwingereza na Mjerumani waliugawa hivyo katika miaka ya 1880 na 1890, wala hawakumuuliza mtu yeyote wa Lambwe wala wa Shirati. Matokeo yake ni kwamba Wajaluo wengine waliamka wakiwa Wakenya na wengine Watanganyika. Lugha ilibaki ileile, samaki walewale, na ndugu wakaendelea kuvuka kwenda harusi na matanga kama kawaida. Muziki nao ulivuka, na haukugongwa muhuri wowote.

Ni upande huo wa kusini, katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, ambapo Misiani alizaliwa Februari 22, 1940. Shirati ilikuwa sehemu ya dini. Wamisionari wa Kimenonite walikuwa wamefungua kituo chao hapo mwaka 1934, na makanisa ya kila namna yalikuwa yameota mizizi pande zote mbili za mpaka. Wazazi wa Misiani walikuwa watu wa kanisa, na msimamo wao kuhusu gitaa ulikuwa wazi: hawakulitaka.

Gitaa lililovunjwa

Usicheke. Enzi hizo gitaa lilikuwa na sifa mbaya kuliko tatuu ya shingoni leo. Lilikuwa kitu cha walevi, cha vijana waliotoka mijini na viatu vya kung'aa bila shamba wala ng'ombe. Mzazi aliyemwona mwanawe ameshika gitaa alikuwa tayari anamwona kilabuni, amelala chali.

Kijana Misiani alipopata gitaa lake la kwanza, baba yake aliliharibu. Sasa wewe jiulize ungefanya nini. Kuna wengi waliovunjiwa ndoto hivyo, wakanyamaza, wakawa makarani wazuri na wazee wa kanisa, na hakuna ubaya katika hilo. Misiani hakunyamaza. Aliondoka nyumbani, akavuka mpaka, na katika miaka ya 1960 alikuwa amefika Nairobi kuutafuta muziki.

Jambo moja lakini litakushangaza. Mtu huyu aliyetoka katika nyumba ya dini hakuitupa dini. Biblia aliibeba ndani ya nyimbo zake. Aliimba habari za watu wa Agano la Kale kama mtu anayesimulia habari za jirani. Ndiyo sababu mojawapo ya lile jina la Mfalme wa Historia. Gitaa lililovunjwa kwa ajili ya kanisa likarudi likisimulia hadithi za kanisa, tena mpaka kwenye baa.

Sauti hii ilitoka wapi?

Ili umwelewe Misiani, lazima kwanza uijue nyatiti. Ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane na tumbo lililofunikwa ngozi. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda kifupi, nyatiti iko mbele yake imelala. Mkono mmoja unachukua nyuzi nne na mwingine nne, na mikono hiyo miwili haipigi pamoja. Inajibizana. Mmoja unaweka noti, mwingine unaziba pengo. Wakati huohuo kidole kikubwa cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mbao ya chini, na mguuni kuna njuga. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima: besi, solo, ngoma na mwimbaji.

Mpiga nyatiti pia alikuwa mwandishi wa habari wa kijiji. Alialikwa matangani na kwenye sherehe, akamsifu aliyestahili, akamchoma kwa mafumbo aliyekosea, na akakumbusha watu nani alizaa nani. Ukimlipa, jina lako linaingia katika wimbo. Haya mambo ya msanii kukutaja klabuni ukitoa pesa hayakuanza juzi.

Halafu gitaa likaingia. Lilikuja na mabaharia, wafanyakazi wa reli, na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka ya 1950 likapata mwalimu mkubwa kutoka Katanga, Kongo. Huyo ni Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, akipiga kibao kinachoitwa Masanga. Mwenda alitumia dole gumba kupiga noti za chini na kidole cha shahada kupiga noti za juu, gitaa moja likasikika kama mawili. Baadaye alikuja Nairobi, akasikika redioni, na vijana wa Kenya wakashika adabu. Kila mtu akataka kupiga kwa vidole hivyo.

Kumbuka, gitaa halina kabila. Kila mahali lilipofika, watu walilifundisha lugha ya kwao. Kule visiwa vya Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19, kijana aitwaye Joseph Kekuku alililaza gitaa mapajani, akateleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, nalo likaanza kulia kama sauti ya mtu anayevuta wimbo. Dunia nzima ikaiga mtelezo ule, na hata muziki wa kantri wa Marekani hauwezi kujitenga nao. Wajaluo walielekea upande mwingine kabisa. Wao hawakutaka noti iteleze. Walitaka noti fupi, iliyokatika, moja baada ya nyingine, mbiombio, kama nyuzi nane za nyatiti zinavyojibizana. Gitaa ni lilelile, lugha ndiyo tofauti.

Wimbo wa benga unapigwaje?

Hapa kama una gitaa, lichukue. Kama huna, tafuta rekodi yoyote ya Misiani mtandaoni, kisha usikilize kwa mpangilio huu.

Kwanza sikiliza gitaa la solo. Linafungua wimbo peke yake ama na besi, na linapiga mstari mfupi unaorudiwarudiwa. Mpigaji hachangi nyuzi zote kwa pamoja kama mtu anayepiga kwaya ya vijana kanisani. Anachomoa uzi mmoja mmoja, juu kabisa ya shingo ya gitaa, mahali ambapo sauti ni nyembamba na kali. Ukisikiliza vizuri utagundua mstari ule si pambo tu. Mara nyingi ndio wimbo wenyewe, kwa maana kwamba mwimbaji akianza, anaimba jambo lililo karibu sana na lile gitaa lilikuwa limeshasema.

Pili, sikiliza gitaa la ridhimu. Hilo halina makuu. Kazi yake ni kujaza yale mapengo ambayo solo imeacha, kama mkono wa pili wa nyatiti. Ukitaka kujua kama bendi ni nzuri, usimwangalie wa solo. Angalia kama huyu wa ridhimu ana subira.

Tatu, besi. Katika muziki mwingine besi hukaa nyuma na kunguruma. Katika benga inaruka. Inajibu solo, inaacha kimya, kisha inarudi na nguvu. Ngoma chini yake inapiga sawasawa, na hapo kiuno chako kinaanza kukusaliti.

Nne, mpangilio wa wimbo mzima. Sehemu ya kwanza ni ya hadithi. Wanaimba, gitaa linaitikia, wanaimba tena. Halafu inafika wakati sauti zinanyamaza, solo inapanda juu, besi inakazana, na sasa ni zamu ya wachezaji. Hicho ndicho kilele. Hata sahani za santuri za wakati huo zilifuata mtindo huu: upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ukigeuza sahani, umefika kwenye kuruka.

Jaribu zoezi hili. Chagua nyuzi mbili nyembamba za gitaa. Piga mstari mfupi wa noti nne au tano, urudie mara ishirini bila kuongeza kasi. Vidole vitauma na utachoka kabla ya mara ya kumi. Ukifika mara ya ishirini bila kuteleza, utakuwa umeanza kuelewa kwa nini wanaume hawa waliweza kupiga usiku kucha mpaka jogoo akawika, na kwa nini hiyo si kazi ya walevi.

Shirati Jazz

Misiani hakuvumbua benga peke yake, na usimwamini mtu atakayekuambia kuna mmoja aliyeivumbua. Wako wanaomtaja John Ogara wa Ogara Boys, wako wanaotaja wengine, na mabishano hayo bado yanaendelea kwenye vibanda vya chai kule Nyanza. Alichofanya Misiani ni kuipa benga umbo lililokaa, na kukaa nayo kwa miaka arobaini.

Bendi yake ilipitia majina kadhaa, lakini jina lililodumu ni Shirati Jazz. Usitafute jazi ya Marekani humo ndani. Wakati ule Afrika Mashariki neno jazi kwenye jina la bendi lilimaanisha tu bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Neno la muhimu ni lile la kwanza. Alikuwa Kenya, anarekodi Kenya, anapigia Wakenya, lakini juu ya kila sahani aliandika jina la kwao ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka huo, na haukufunguliwa rasmi mpaka 1983. Hiyo ni miaka sita ambapo jina Shirati lilikuwa likichezwa kwenye baa za Nairobi, Kisumu na Migori, huku barabara ya kwenda Shirati ikiwa imefungwa.

Katika miaka ya 1970 sahani za benga zilisambaa mbali. Mtayarishaji Oluoch Kanindo alizisambaza mpaka kusini mwa Afrika, na Zimbabwe watu waliupenda muziki huu wakauita kanindo, jina la mfanyabiashara likageuka kuwa jina la mtindo. Mwaka 1989 kampuni za Uingereza zilitoa albamu mbili za Misiani na Shirati, Benga Blast! na Piny Ose Mer. Watu wa London wasiojua neno hata moja la Kijaluo walizinunua.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yanabana. Kaseti zilikuwa zimechukua nafasi ya santuri, na kaseti ni rahisi kunakili. Mtu mmoja ananunua, kumi wananakili, na mwanamuziki hapati hata nauli. Kwa hiyo bendi ziliishi kwa kupiga usiku kwenye mabaa na kwa kusafiri barabarani kutoka mji hadi mji. Hizi hadithi za wasanii wa leo kulalamika kuhusu malipo ya mtandaoni, Misiani angezielewa vizuri sana.

Maneno yaliyomtia mashakani

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya awe zaidi ya mpiga gitaa. Misiani aliimba siasa, na aliiimba wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na gharama.

Fikiria miaka aliyopitia. Julai 5, 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Oktoba mwaka huohuo watu walipigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, na chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku. Mwaka 1975 J.M. Kariuki aliuawa. Mwaka 1982 likaja jaribio la mapinduzi, na 1990 Dkt Robert Ouko akauawa. Nani alikuwa anaongea hadharani? Wachache mno. Redio ilikuwa moja, ya serikali.

Ndipo ile kazi ya zamani ya mpiga nyatiti ikawa na maana mpya. Misiani aliongea kwa mafumbo. Akitaka kusema juu ya wakubwa, aliimba juu ya wanyama, ama juu ya mfalme fulani wa Biblia, halafu akakuachia wewe umalizie. Wasikilizaji wake walikuwa hodari wa kumalizia. Polisi nao, kwa bahati mbaya, walijifunza. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Na usisahau kwamba alikuwa mtu wa ng'ambo. Mwenyeji akikosana na serikali, anafungwa. Mgeni akikosana nayo, anaweza kuonyeshwa mpaka.

Hata uzee haukumnyamazisha. Baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, alitoa wimbo Bim En Bim, ambao jina lake linasema kwamba nyani ni nyani tu. Kwenye matatu na sokoni watu waliusikia kama habari ya wanasiasa walioahidiana mambo kabla ya uchaguzi kisha wakasahauliana baada ya kupata vyeo. Yeye alikuwa ameimba wanyama. Tafsiri ilikuwa juu yako.

Hapa ndipo ningependa utulie kidogo, wewe uliyekulia Nairobi, Mombasa au Nakuru. Inawezekana Kijaluo hujui, hata kama babu yako ni wa Homa Bay. Unasikia gitaa, unacheza, lakini fumbo linapita juu ya kichwa chako. Nusu ya Misiani imekupotea. Na wale wanaoweza kukufungulia fumbo hilo, waliokuwepo wimbo ulipotoka na wanaojua kila mnyama alikuwa nani, wanapungua kila mwaka. Sahani unaweza kuihifadhi kwenye simu. Maana ya wimbo inakaa katika vichwa vya watu, na vichwa hivyo vinazeeka.

Barabara ya mwisho

Misiani alikufa akiwa kazini, tunaweza kusema, kwa sababu kazi ya bendi ni barabara. Alikufa katika ajali ya matatu eneo la Kisumu akiwa na miaka 66. Mtu aliyenusurika kamatakamata za tawala tatu hakuinusuru barabara, ile ambayo wewe na mimi tunaipanda kila wiki.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Kwa Misiani methali hii inaleta tabu, kwa sababu hujui umweke wapi. Kenya inamwita babu wa benga, lakini hakuwa Mkenya kwa kuzaliwa. Tanzania ndiko alikozaliwa, lakini jina lake liling'ara zaidi ng'ambo. Ukimuuliza mtu wa Lambwe, Karungu au Muhuru, hatasumbuka. Kwake huyo ni mtu wa nyumbani, kwa sababu aliimba lugha ya nyumbani, na nyumbani kulikuwepo kabla ya ule mstari wa rula.

Kwa hiyo wikendi hii fanya jambo moja. Tafuta rekodi moja ya Shirati Jazz, mtafute mzee mmoja anayejua Kijaluo, awe babu yako, jirani au mlinzi wa ploti yenu, mketi naye. Mchezee wimbo, kisha mwambie akueleze maneno, mstari kwa mstari. Ukifika pale sauti zinaponyamaza na solo kupanda, utaona anafumba macho. Usimkatize. Subiri gitaa limalize, halafu muulize yule mnyama alikuwa nani.